Mamba, kenge na mtu wa Kunlun: nani aliishi kwenye maji haya kabla yetu

Baada ya kipindi cha masoko ya Guangzhou, swali moja lilikuja mara nyingi kuliko yote: eti hapa kuliwahi kuwa na mamba wa kweli, mamba wa mtoni, au ni hawa wa kufugwa tu wanaouzwa nyama? Kwenye kipindi tulijibu haraka haraka, ndiyo, walikuwepo, tukapita. Lakini jibu lenyewe lina mambo, na ndani yake kuna mtu mmoja ambaye nadhani kila mtoto wa Xiaobei na Sanyuanli anastahili kumjua. Basi leo tukae nalo.

Ila kwanza tusafishe majina, maana nusu yetu tumesoma shule za Kiingereza na nusu shule za Kichina, na majina ya wanyama ndipo tunapoumbuka mbele ya mashangazi.

Mamba wa Kiswahili si mamba wa Kiingereza. Waingereza walichukua neno lao kutoka lugha za kusini, Kizulu na wenzake, ambako imamba ni nyoka. Yule nyoka kwetu anaitwa koboko. Kwa hiyo mjomba akikuambia kijiji chao kina mamba wengi, usitazame majanini, tazama majini.

Halafu kuna kenge. Wote mmesikia wazee wakisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, wakimsema mtu aliyejipenyeza kundi lisilo lake. Methali inauma kwa sababu kwa mbali kweli wanafanana: wote warefu, wote wana magamba, wote hulala kwenye ukingo wa mto wakiota jua. Lakini ukitulia utawatofautisha. Kenge hutoa ulimi mrefu uliogawanyika kama wa nyoka. Mamba hawezi kabisa kutoa ulimi nje, umeshikana na sakafu ya mdomo. Mgongo wa mamba umepangwa mifupa na magamba magumu kwa safu, kama vigae vya paa. Ngozi ya kenge ni ya vipunje vidogo. Na macho ya mamba yako juu ya kichwa, ili mwili wote uzame yeye abaki anakutazama. Kenge yumo kwenye msafara kwa sababu zake mwenyewe, kwani hufukua mayai ya mamba na kuyala.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba kenge ni mjusi, ila mamba si mjusi. Mamba ana moyo wa vyumba vinne, na ndugu zake wa karibu zaidi walio hai leo ni ndege. Yaani kwa ukoo, yule mamba wa Rufiji yuko karibu zaidi na kuku wa bibi yako kuliko na mjusi wa ukutani. Kichina nacho kina njia yake ya kupanga ulimwengu: mamba ni eyu, na ile yu ya mwisho ni samaki. Mjusi wa porini huitwa sijiaoshe, nyoka wa miguu minne. Kila lugha ilimtazama mnyama kutoka mahali iliposimama, ikampa jina, ikaendelea na shughuli zake.

Sasa tuingie kwenye historia, na tuanzie mbali kidogo na Guangzhou, kiasi cha kilomita 400 upande wa mashariki, mji wa Chaozhou, huko huko mkoa wa Guangdong. Mwaka 819, enzi ya Tang, afisa na mwandishi mkubwa anayeitwa Han Yu alimkosoa mfalme hadharani kwa kuuheshimu mfupa uliosemekana kuwa wa Buddha. Akaponea chupuchupu kuuawa. Badala yake akatupwa kusini kuwa gavana wa Chaozhou, sehemu ambayo watu wa mji mkuu waliiona kama mwisho wa dunia: joto, homa, lugha zisizoeleweka, na mamba. Wenyeji wakamlalamikia kwamba mamba wanawamalizia mifugo. Han Yu akafanya jambo ambalo watoto wa Guangdong wanalisikia mpaka leo. Alitupa nguruwe na mbuzi mtoni kama sadaka, kisha akawasomea mamba barua rasmi ya serikali. Akawapa siku tatu wahamie baharini, akaongeza zikawa tano, zikawa saba, na wasipotii atawaletea wapiga mishale wenye sumu. Hadithi inasema mamba wakahama. Mto huo leo unaitwa Hanjiang, mto wa Han.

Watu huisoma barua ile kama mzaha, au kama siasa: mamba ni maafisa wala rushwa. Mimi naona pia mtu wa kaskazini akizungumza na kusini yote kwa mara moja, kwa sauti ya anayedhani maji yale ni yake. Na mamba hawakutii sana, kwa sababu kama miaka 180 baadaye, chini ya enzi ya Song, afisa mwingine, Chen Yaozuo, akiwa hapo hapo Chaozhou alikuta mamba amemla kijana. Huyu hakuandika barua kwanza. Aliagiza mamba avuliwe kwa wavu, akamleta sokoni, akamsomea mashtaka, akamuua mbele ya watu.

Lakini mtu niliyewaahidi yuko katikati ya hao wawili.

Mwishoni mwa enzi ya Tang aliishi afisa anayeitwa Liu Xun, aliyefanya kazi hapa Guangzhou. Aliandika kitabu kuhusu maajabu ya kusini, Lingbiao luyi, na ndani yake mamba anaelezwa vizuri kweli: rangi ya udongo wa njano, miguu minne, mkia mrefu, mwepesi kuliko unavyodhani. Kisha anasimulia kisa cha Li Deyu, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa nchi nzima, akaanguka, akatupwa Chaozhou mwishoni mwa miaka ya 840. Njiani mashua yake iliharibika mahali palipoitwa maji ya mamba. Hazina zake za maisha, vitabu vya kale, michoro, vyote vikazama. Akamwita kunlun wa chombo aingie kuvitoa. Kunlun akaona mamba ni wengi kupita kiasi, hakuthubutu kuwakaribia. Palikuwa ni makazi yao.

Basi. Kisa kinaishia hapo. Li Deyu ana jina na kaburi katika historia, mamba wana maelezo ya rangi na mkia, na yule aliyeambiwa aingie majini ana neno moja tu: kunlun.

Neno hilo lilikuwa nani? Wachina wa Tang waliwaita kunlun watu weusi au wenye ngozi ya giza waliotoka bahari za kusini. Wanahistoria wengi wanaona kwamba wengi wao walitoka Asia ya Kusini-Mashariki, kule ambako leo ni Kambodia, Malaysia na Indonesia. Lakini Guangzhou ilikuwa bandari ya Waarabu na Waajemi, na watu wa pwani yetu walifika pia kwenye mabomba ya biashara hiyo. Vitabu vya Tang vinataja watumwa walioitwa sengzhi, walioletwa na watawala wa Java kama zawadi kwa mfalme katika miaka ya 810, na wataalamu wengi husoma neno hilo kama Zanji, jina walilotupa Waarabu. Miaka 300 hivi baadaye, mwaka 1119, Zhu Yu aliandika mambo ambayo baba yake aliyaona alipokuwa afisa Guangzhou. Anasema matajiri wa mji huu walimiliki watumwa weusi wenye nywele za kujikunja, na kwamba merikebu ikivuja katikati ya bahari, waliteremshwa hao na kisu na nyuzi za kuzibia, wazibe tundu kutoka nje, kwa sababu walikuwa hodari wa kuogelea na hawakufumba macho ndani ya maji.

Kwa hiyo neno kunlun halitofautishi. Liliweka mtu wa Java, mtu wa Kambodia na mtu wa pwani ya Zanji kwenye kapu moja, kama vile e ilivyoweka kila mnyama mwenye meno na mkia kwenye kapu moja. Si unaijua hiyo? Dereva anakuuliza umetoka wapi, unajibu Guangzhou, anacheka, anasema hapana, kweli kweli, Afrika gani.

Kisa kile mara nyingi kinasomwa kama kisa cha woga. Kitazame tena. Kwenye chombo kile alikuwepo waziri mkuu mstaafu na watu wake, waliosoma kila kitu kilichoandikwa. Mtu pekee aliyetazama maji, akahesabu kilichomo na kusema hapana, ni mzamiaji. Tunajua mahali pale palikuwa kiota cha mamba kwa sababu ya macho yake. Ukiniuliza mimi, huyo ndiye aliyefanya kazi ya kitaalamu siku ile.

Sasa, walikuwa mamba gani? Hapo ndipo wasomi walibishana muda mrefu, na ubishi wenyewe ni mtamu.

Mamba wa dunia wana koo tatu. Kuna mamba hasa, kama wa Mto Nile ambaye ndiye wa nyumbani: akifunga mdomo, jino la nne la taya la chini linaonekana nje. Kuna aligeta, pua pana na ya mviringo, akifunga mdomo jino hilo linafichika. Na kuna gariali, pua nyembamba ndefu kama koleo, maarufu India, mla samaki. China ina aligeta wake, anayeishi bonde la Mto Yangtze, hasa Anhui. Ni mdogo, mita mbili hivi, mpole, hulala kwenye mashimo majira ya baridi. Watu wa huko walimwita tulong, joka la udongo, miaka mingi kabla Mfaransa Fauvel hajampa jina la kisayansi mwaka 1879. Mwanzoni mwa karne hii walibaki chini ya 150 porini, na bila kituo cha kuwazalisha kule Xuancheng labda tungekuwa tunawasimulia tu.

Aligeta huyo mpole hawezi kuwa ndiye aliyemla kijana wa Chaozhou. Wengi wakasema basi ni mamba wa maji chumvi, yule jitu wa Australia na visiwa vya Asia, ambaye zamani alifika mpaka pwani hii. Inawezekana kabisa alikuwemo. Lakini kulikuwa na mwingine.

Karne iliyopita, wakulima na wachimbaji katika delta ya Zhujiang, sehemu za Xinhui na Shunde, walifukua mafuvu na mifupa ya mamba wakubwa wenye pua nyembamba. Shunde ni hapo Foshan, na Xinhui iko upande wa Jiangmen. Ni safari fupi ya treni kutoka hapa. Mifupa ikapelekwa makumbusho ya wilaya, ikabandikwa jina la gariali bandia wa Malaysia, kwa sababu ndiye aliyefanana naye, ikakaa. Miaka mingi. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Japani na China, wakiongozwa na Masaya Iijima, wakachapisha uchunguzi mpya katika jarida la Royal Society la London: huyu si wa Malaysia. Ni mnyama wa aina yake, mwenye sura ya gariali wa India na wa Malaysia kwa pamoja, urefu wa karibu mita sita. Aliishi hapa hapa kati ya karne ya 14 na ya 10 kabla ya Kristo. Wakamwita Hanyusuchus sinensis, mamba wa Han Yu.

Na mifupa ina alama. Fuvu moja limekatwakatwa juu kwa kitu kizito chenye makali, na mnyama mwingine pingili ya shingo yake imekatwa, yaani alichinjwa kichwa. Miaka 3,000 iliyopita, zama za shaba, watu wa delta hii walikuwa tayari wanapigana naye. Watafiti wanaona, kwa kulinganisha na vitabu vya zamani, kwamba alibaki mpaka karne ya 15 hivi, kisha akatoweka, na wanatoa lawama kwa binadamu. Mishale ya Han Yu haikumaliza kazi. Kilichomaliza, pamoja na mauaji, ni jembe: wimbi baada ya wimbi la watu kutoka kaskazini, matuta kando ya mito, vinamasi vikageuzwa mashamba ya mpunga. Mamba anahitaji ukingo wa kutagia mayai. Ukingo ukiwa ni wa mtu, hakuna barua inayohitajika.

Nilipenda sana jina lile, lakini nina kinyongo nalo kidogo. Mnyama amepewa jina la mtu aliyemfukuza. Kungekuwa na mzamiaji mwenye jina, ningepiga kura yangu huko.

Wadogo wamebaki. Mjusi wa ukutani tunayemwita mjusi kafiri hapa Guangzhou yupo kila jengo, anawinda mbu kwenye taa za ngazi. Kimandarini ni bihu, chui milia wa ukutani. Wakantoni wanamwita yimse, nyoka wa chumvi, na wengine wanasema jina la asili ni nyoka wa kwenye upenu, sauti tu zimefanana. Jina letu la kafiri linashabihiana na simulizi ya Kiislamu kwamba mjusi alipuliza moto aliotupiwa Nabii Ibrahim ili uwake zaidi. Kwa hiyo nyumba moja ya pwani watamuua kwa kandambili, na jirani Mkantoni atamwacha kwa sababu ya mbu. Ndugu yake mkubwa, gejie, mwenye madoa mekundu, ana bahati mbaya zaidi: utamwona sokoni Qingping amekaushwa, ametandazwa kwenye vijiti, dume na jike wamefungwa pamoja, mkia ukiwa mzima kwa sababu ndio unaothaminiwa kama dawa ya kifua. Na kenge? Naye yuko Guangdong, kenge wa maji, anayelindwa na sheria ya nchi tangu 1989. Wenyeji humwita joka la dhahabu la kucha tano. Kwetu kenge ni tusi, hapa ni joka. Wapelekee habari hiyo mashangazi.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu liliulizwa pia: kama nyongo ya mamba ni sumu kali kama wazee wanavyosema, mbona Guangzhou wanamla supu? Imani ya nyongo iko kutoka Tanzania mpaka Zambezi, na ina uzito. Watu wameshutumiwa uchawi kwa ajili yake. Januari 2015, kijiji cha Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na kila mtu akasema ni nyongo ya mamba. Maabara ikakuta kitu kingine: sumu inayotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo hiyo ndiyo iliyoua watu tisa wa familia moja mkoani Heilongjiang mwaka 2020, waliokula tambi za mahindi yaliyochachishwa. Mamba hakuwepo kwenye kisa chochote kati ya hivyo viwili.

Walipokuwepo kweli, ilikuwa Septemba 2023. Mvua za kimbunga Haikui zilijaza bwawa la shamba moja la mamba kule Maoming, magharibi mwa Guangdong, na zaidi ya 70 wakatoka. Serikali ikawaambia wanakijiji wakae ndani. Baadhi wakakamatwa, wengine wakapigwa risasi au umeme. Kwa siku chache, maji ya mkoa huu yalikuwa tena na mamba wanaoogelea popote wanapotaka.

Tutumieni sauti kwa ajili ya kipindi kijacho: nyumbani kwenu mjusi wa ukutani anaitwaje, na akionekana nani anapiga kelele kwanza?